Njia ya Petroli: Historia ya Mipira na Fitingi za Mafuta katika Magari ya Mbio

Kati ya tangi la petroli na injini ya gari pana njia ya meta chache tu. Ndani yake mna bomba, mpira, chujio, pampu na maungio kadhaa, na kwa kawaida hakuna anayeishughulikia mpaka siku harufu ya petroli inapoingia ndani ya gari. Katika gari la mbio njia hiyo hubeba mzigo mkubwa zaidi: mafuta mengi, presha ya juu, joto kali na mtikisiko usiokoma. Historia yake imepita miaka 130, na muda wote huo imefuata utaratibu mmoja. Mafuta au presha hubadilika kwanza, mpira hufuata nyuma, na mara nyingi kati ya hatua hizo mbili gari limeungua. Kila alama iliyochapwa ubavuni mwa mpira na kila namba ya fitingi inayouzwa leo ilizaliwa na tatizo lililowahi kutokea barabarani, angani au uwanjani. Anayezijua asili za alama hizo hachagui spea kwa kubahatisha.

Petroli iliposhuka yenyewe

Magari ya kwanza hayakuwa na pampu ya mafuta. Tangi liliwekwa juu, kabureta chini, na petroli ikashuka kwa uzito wake kama maji yanavyoshuka kutoka kwenye pipa lililopandishwa juu ya jukwaa. Presha ilikuwa ndogo mno, kwa hiyo bomba jembamba la shaba lilitosha. Tatizo la wakati huo halikuwa kuvuja bali kuziba. Mwezi Agosti 1888 Bertha Benz aliendesha gari lililobuniwa na mumewe, Karl Benz, kutoka Mannheim hadi Pforzheim nchini Ujerumani, safari ya zaidi ya kilometa 100, akiwa na wanawe wawili. Mafuta aliyanunua kwenye duka la dawa mjini Wiesloch, na njia ya mafuta ilipoziba akaizibua kwa pini ya kofia yake. Matengenezo hayo ya mfumo wa mafuta ni miongoni mwa ya kwanza kabisa kusimuliwa katika historia ya gari.

Ford Model T, iliyotengenezwa kati ya 1908 na 1927 kwa idadi iliyozidi milioni 15, ilitegemea utaratibu huohuo. Katika nyingi kati ya gari hizo tangi lilikuwa chini ya kiti cha mbele, juu kidogo tu ya kabureta. Petroli ilipopungua na mlima ukawa mkali, pua ya gari iliinuka, kabureta ikawa juu kuliko mafuta, na injini ikazimika. Madereva walipata dawa yake: waligeuza gari na kuupanda mlima kinyumenyume, tangi likawa juu tena.

Mlima haukuwa kikwazo pekee. Kadiri injini zilivyoongezewa nguvu ndivyo uzito wa petroli peke yake ulivyoshindwa kuzilisha, na tangi lililokaa karibu na injini yenye moto likaonekana kuwa hatari. Lilipohamishiwa nyuma ya gari, ilibidi mafuta yavutwe. Mwishoni mwa miaka ya 1920 pampu ndogo yenye utando, inayosukumwa na injini yenyewe, ilianza kuenea katika magari ya Marekani. Pampu za namna hiyo hutoa presha ya paundi 4 hadi 7 kwa inchi ya mraba. Ni kidogo ikilinganishwa na upepo wa tairi la gari dogo, ambao hukaribia paundi 30, lakini inatosha kutafuta kila ufa ulioko njiani.

Nyufa zilikuwapo. Injini hucheza juu ya vikalio vyake, huku fremu ya gari ikitulia. Bomba la shaba lililofungwa pande zote mbili hupindwa kidogo kwa kila mtikisiko, na shaba inayopindwa mara nyingi huwa ngumu, kisha hukatika. Mafundi walilizungusha bomba mara moja au mbili kama chemchemi ili mtikisiko uishie kwenye mizunguko hiyo. Njia hiyo ilisaidia bila kuponya. Kilichohitajika ni kipande kinacholegea katikati ya vipande vikavu, yaani mpira.

Mpira usioliwa na petroli

Mpira wa asili, utokanao na utomvu wa miti, ulikwisha kupata matumizi ya viwandani tangu Charles Goodyear alipopewa hataza ya Marekani mwaka 1844 kwa ugunduzi wake wa kuupika pamoja na salfa. Mpira uliopikwa hivyo haunati wakati wa joto wala haukatiki wakati wa baridi. Kwa petroli, hata hivyo, haufai. Ukilowekwa ndani yake hunyonya mafuta, huvimba, hulainika, kisha humeguka vipande vidogo ambavyo huenda kuziba tundu la kabureta.

Jibu lilitoka katika maabara za kemia. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilipata neoprini mwanzoni mwa miaka ya 1930, na katika muongo huohuo wanakemia wa Ujerumani wakatengeneza mpira wa naitrili, uliouzwa kwa jina la Buna N. Naitrili haivimbi ovyo katika petroli, na hadi leo ndiyo ngozi ya ndani ya mipira mingi ya bei nafuu. Tarehe 6 Aprili 1938 Roy Plunkett, mwanakemia wa DuPont, alifungua mtungi wa gesi uliotakiwa kuwa umejaa na kukuta hautoi kitu. Ulipokatwa, ndani yake mlikuwa na unga mweupe, unaoteleza, usioshikana na chochote. Unga huo ndio PTFE, ambao baadaye watu waliujua kwa jina la Teflon. Mwaka 1957 kampuni hiyohiyo ilianza kuuza Viton, mpira wenye florini unaohimili joto na mafuta makali kuliko naitrili. Naitrili, Viton na PTFE ndizo ngozi tatu ambazo mnunuzi wa leo hukutana nazo zaidi dukani.

Kufunga mpira kwenye bomba nako kulipata chombo chake. Mwaka 1921 Lumley Robinson, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alipata hataza ya klipu ya ukanda wa chuma inayokazwa kwa skrubu, nayo ikauzwa kwa jina la Jubilee. Klipu za aina hiyo zimejaa katika gereji za dunia nzima, na kwa presha ya kabureta zinafaa kabisa. Kasoro yake ilijitokeza presha ilipopanda: matundu ya ukanda na kingo zake kali huukata mpira unapokazwa sana.

Fitingi zilizozaliwa angani

Ndege za vita ndizo zilizoubadilisha mfumo wa mafuta kuliko gari lolote. Injini ya ndege hutikisika saa nyingi, hupanda kutoka joto la ardhini hadi baridi kali ya juu, na ikiishiwa petroli rubani hana pembeni pa kusimama. Jeshi la nchi kavu na jeshi la majini la Marekani yalikuwa yakinunua vifaa kwa viwango tofauti, na fitingi ya upande mmoja haikuingia katika ndege ya upande wa pili. Viwango vya pamoja vilivyowekwa vilipewa herufi AN, yaani Jeshi na Majini, na herufi hizo zingali kwenye katalogi za spea za magari ya mbio.

Fitingi ya AN ni kifaa rahisi kilichofikiriwa vizuri. Ncha moja ina koni iliyochongwa kwa pembe ya digrii 37, na nati inayoifuata ina mdomo wa pembe hiyohiyo. Nati inapokazwa, chuma hukaa juu ya chuma na petroli hukosa pa kupita. Hesi kazi yake ni kuvuta pande mbili zikutane. Kuziba hufanywa na koni. Kwa sababu hiyo tepu nyeupe ya mafundi bomba haina nafasi hapo. Kipande chake kikikatika kikaingia kwenye njia ya mafuta, kitasimama kwenye chujio au kwenye nozeli.

Ukubwa wake nao uliwekewa hesabu moja. Namba ya fitingi huhesabu sehemu za kumi na sita za inchi katika kipenyo cha nje cha bomba ambalo fitingi ilipimiwa. Namba 4 ni robo inchi, namba 6 ni inchi tatu kwa nane, sawa na milimita 9.5, na namba 8 ni nusu inchi. Anayejua hesabu hiyo hahitaji jedwali. Rangi pia ilikuwa lugha: fitingi za alumini zilitiwa buluu na za chuma nyeusi, ili fundi wa ndege azitambue kwa kutupa jicho. Nyekundu na rangi nyingine za kupendeza zililetwa baadaye na wauzaji wa spea za mbio.

Mjini Jackson, jimbo la Michigan, kampuni ya Aeroquip ilianzishwa mwaka 1940, ikajulikana kwa mipira ya ndege yenye fitingi zinazoweza kufunguliwa na kutumika tena. Kazi ya kuunganisha mpira wa namna hiyo haijabadilika sana. Fundi huufunga mpira kwa utepe mahali pa kukata, ili wavu wa chuma usifumuke, kisha huukata kwa msumeno wenye meno madogo. Soketi huvishwa kwenye ncha, na mpira husukumwa hadi ufike mwanzo wa hesi za ndani. Chuchu ya fitingi hupakwa mafuta, huingizwa katikati na kuzungushwa polepole kwa spana, ikiubana mpira kati yake na soketi. Fundi makini huweka alama ya kalamu juu ya mpira pale soketi inapoishia. Alama hiyo ikisogea wakati wa kukaza, mpira umerudi nyuma na kazi inaanzwa upya.

Kutoka ghala la jeshi hadi jangwa la California

Vita vilipokwisha mwaka 1945, serikali ya Marekani ilikuwa na shehena za vifaa vya ndege visivyokuwa na kazi tena. Kusini mwa California, palipokuwa na viwanda vingi vya ndege, fitingi, mabomba, pampu na matangi viliuzwa kwa bei ya chee. Wateja wake wakubwa walikuwa vijana waliokimbiza magari kwenye mabonde makavu ya ziwa kama Muroc na El Mirage, chini ya chama cha SCTA kilichoundwa mwaka 1937. Wengi wao walirudi kutoka jeshini wakiwa mafundi wa ndege. Mwaka 1946 Bill Burke alifika bondeni na gari ambalo bodi yake ilikuwa tangi la mafuta la ziada linalotundikwa chini ya ndege ya vita. Aliyeweza kuligeuza tangi kuwa gari hakuona ugumu wowote kuchukua na fitingi zake.

Duka la spea za mbio lilitokana na biashara hiyo. Wauzaji wa mabaki ya jeshi waligundua kwamba watu wa magari hurudi kila wiki, na shehena zilipokwisha wakaagiza vifaa vipya kutoka kwa watengenezaji waliokuwa wakihudumia ndege. Hivyo kipimo cha jeshi kikawa kipimo cha uwanja wa mbio bila mtu yeyote kukaa mezani na kuamua.

Stuart Hilborn alikuwa mmoja wa watu wa mabonde hayo. Alibuni mfumo wa kupulizia mafuta kwa nozeli badala ya kabureta, na mwaka 1948 gari lake lilivuka maili 150 kwa saa. Mwaka 1952 Troy Ruttman alishinda mbio za Indianapolis 500 akiwa na injini iliyolishwa na mfumo wa Hilborn. Mwaka 1954 Mercedes-Benz iliuza 300 SL yenye upuliziaji wa Bosch unaopeleka petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli iliyokuwa ikitiririka kwa upole sasa ilisukumwa kwa nguvu, na mpira uliokuwa salama chini ya kabureta haukuwa salama tena.

Wavu wa chuma unaovikwa juu ya mpira, ambao wanunuzi wengi huupenda kwa mng'aro wake, una kazi yake hapo. Presha inapopanda mpira hutaka kutanuka kama puto, na wavu huuzuia. Huukinga pia dhidi ya mawe na msuguano. Lakini wavu huohuo ukigusa bomba la breki au waya wa umeme hulikereza kama tupa, hadi likatoboka. Tena, hauonyeshi kilichomo ndani. Mipira miwili yenye wavu sawa na mng'aro sawa inaweza kuwa mmoja wa naitrili na mwingine wa PTFE, na tofauti yao huonekana kwenye maandishi ya mtengenezaji tu.

Moto wa Indianapolis na sheria zilizofuata

Tarehe 30 Mei 1964, katika mzunguko wa pili wa Indianapolis 500, gari la Dave MacDonald liliacha njia, likagonga ukuta na kulipuka. Eddie Sachs aligongana nalo. Wote wawili walifariki. Magari yalibeba petroli nyingi, na moshi mweusi ulifunika uwanja kiasi cha madereva wa nyuma kutoona mbele. Baada ya siku hiyo magari ya mashindano hayo yalihamia methanoli, ambayo moto wake huweza kuzimwa kwa maji, na matangi yakatiwa mfuko wa mpira usiopasuka kwa urahisi.

Methanoli ilileta masharti yake. Injini huhitaji zaidi ya mara mbili ya kiasi chake ikilinganishwa na petroli, kwa hiyo mabomba na mipira ilibidi yawe mapana zaidi. Methanoli hushambulia alumini isiyokingwa, na kuna mipira inayostahimili petroli ambayo haiistahimili. Timu zilijifunza kuondoa methanoli yote kwenye mfumo baada ya mbio.

Shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, FIA, nalo lilikaza kanuni hatua kwa hatua. Kanuni zake za vifaa vya usalama zinataka mpira wa mafuta uhimili paundi 1,000 kwa inchi ya mraba kabla ya kupasuka, ukiwa katika joto la nyuzi 135 za Selsiasi, na uwe na wavu wa nje unaostahimili msuguano na moto. Bomba likipita ndani ya chumba cha dereva, halitakiwi kuwa na muungio humo isipokuwa kwenye kuta za mbele na nyuma. Sababu yake ni dhahiri: mahali panapovuja kwanza ni kwenye muungio, na dereva aliyefungwa mikanda hana pa kukimbilia.

Presha yaingia katika magari ya kawaida

Sheria za hewa safi za Marekani, hasa ile ya mwaka 1970, ziliwalazimisha watengenezaji kupima petroli kwa usahihi ambao kabureta haikuuweza. Bosch ilikuwa na jibu tayari. Mfumo wake wa elektroniki wa D-Jetronic uliingia katika Volkswagen 1600 mwaka 1967 ukiwa na presha ya paundi 30 hivi. K-Jetronic ya mwaka 1973, iliyofungwa katika Porsche 911, ilifanya kazi karibu na paundi 70. Mifumo iliyokuja kuwa ya kawaida katika magari ya Ulaya na Japani ilitulia kwenye paundi 40 na kitu. Mwaka 1996 Mitsubishi ilianza kuuza injini ya GDI, inayopulizia petroli ndani ya silinda kwa zaidi ya paundi 700. Katika sehemu hiyo ya presha kali mpira hauna kazi tena. Bomba la chuma pekee ndilo linaloruhusiwa.

Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kiliyapanga mabadiliko hayo katika madaraja yanayochapwa juu ya mpira. R6 na R7 ni ya presha ndogo ya kabureta na njia za kurudishia mafuta. R9 ni ya injini za nozeli, na ndani yake huwa na ngozi ya mpira wa florini. R10 ni mpira unaoweza kuzama ndani ya tangi. Daraja hili la mwisho husahauliwa sana. Fundi anayebadilisha pampu iliyomo ndani ya tangi huweza kufunga kipande cha R9 akiamini kwamba amechagua bora kuliko vyote. Lakini R9 imekingwa kwa ndani. Nje yake haikutengenezwa kuloweka petroli. Baada ya muda huvimba na kuchomoka kwenye pampu, na gari hukosa presha bila tone moja kuonekana chini.

Klipu nazo zilibadilika. Ya injini ya nozeli ina ukanda laini usio na matundu, kingo zake zimekunjwa kwa nje, na hubana sawasawa pande zote.

PTFE ilipohamia kwenye magari ya mbio ilifichua jambo jingine. Petroli inayopita kwa kasi juu ya ngozi hiyo huzalisha umeme tuli, na cheche zake huweza kutoboa ukuta wa mpira kwa matundu madogo kama ya sindano. Watengenezaji waliongeza kaboni katika ngozi ya ndani ili umeme huo usafiri hadi kwenye fitingi na kuishia kwenye bodi. Mpira wa PTFE ulio mweusi ndani kwa kawaida umetiwa kaboni hiyo, mweupe haujatiwa.

Pombe ya miwa

Bei ya mafuta ilipopanda miaka ya 1970, Brazili ilianzisha mpango wa Proálcool mwaka 1975, na mwaka 1979 Fiat 147 ikaanza kuuzwa huko ikitumia ethanoli tupu. Kabureta za magari ya ethanoli zilipakwa nikeli ndani ili zisiliwe. Kenya nayo, katika miaka ya 1980, ilichanganya petroli na ethanoli ya miwa kutoka Muhoroni. Suala la mpira kustahimili pombe, kwa hiyo, halikuwa geni Afrika Mashariki.

Watu wa mbio waliipenda ethanoli kwa sababu hupoza injini na huzuia kugonga, hasa kwenye injini zenye turbo. Lakini mchanganyiko wenye asilimia 85 ya ethanoli hutumika kwa zaidi ya robo ziada ya kiasi cha petroli, na huosha uchafu wote uliolala ndani ya tangi kuukuu hadi kwenye chujio. Pampu, nozeli, chujio na mpira huchaguliwa kwa pamoja. Kubadilisha kimoja tu ni kuhamishia tatizo mahali pengine.

Safari Rally na maduka ya spea Afrika Mashariki

Mashindano ya Coronation Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakajulikana kama Safari Rally. Kwa mfumo wa mafuta ulikuwa mtihani wa aina yake. Mawe yalirushwa chini ya gari kwa maelfu ya kilometa, vumbi lilitafuta kila upenyo, na njia ilipanda kutoka joto la pwani hadi nyanda zilizo zaidi ya meta 2,000 juu ya bahari. Huko juu petroli huchemka kwa joto dogo zaidi. Ikichemka ndani ya bomba hugeuka mvuke, pampu hukosa cha kusukuma, na injini huzimika ingawa tangi limejaa. Tiba zake ni kuliweka bomba mbali na ekzosi, kulivika kinga ya joto na kuiweka pampu karibu na tangi, kwa sababu pampu husukuma vizuri kuliko inavyovuta.

Joginder Singh, ambaye mashabiki walimwita Simba wa Kenya, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Shekhar Mehta alishinda mara tano, ya kwanza mwaka 1973 na nyingine nne mfululizo kuanzia 1979. Baada ya mwaka 2002 mashindano hayo yalitoka kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia, yakarudi 2021.

Soko la spea lilikua sambamba na magari. Barabara ya Grogan jijini Nairobi, inayoitwa sasa Kirinyaga Road, Gerezani, jirani na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, na soko la Kisekka jijini Kampala ni majina yanayofahamika kwa kila fundi. Kuanzia miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yalimiminika kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, mengi yakiwa na nozeli badala ya kabureta, na miongoni mwake Subaru na Toyota zenye turbo. Mipira yake ilikuja na umri wake. Ukiukunja karibu na klipu mpira wa gari lililofika likiwa na miaka kadhaa, mara nyingi huonekana nyufa ndogondogo kama za udongo uliokauka. Mpira kama huo haupaswi kusubiri hadi uvuje.

Hapo ndipo urithi wa hesi tofauti unapomkuta mnunuzi. Joseph Whitworth wa Uingereza alipendekeza hesi za pembe ya digrii 55 mwaka 1841. Wamarekani walifuata digrii 60. Hesi ya bomba ya inchi moja kwa nane ya Kiingereza, inayotumika pia Japani, ina meno 28 kwa inchi, na ya Kimarekani meno 27. Zikikutanishwa huingiana mizunguko miwili mitatu, hukaza, na humfanya fundi aamini zimekubaliana. Kisha huvuja. Vilevile koni ya digrii 45 ya mabomba ya kawaida ya magari haikai juu ya koni ya AN ya digrii 37, hata kama nati inafunga. Magari ya Japani na Ulaya yana pia hesi za milimita, kwa hiyo fitingi ya kubadilishia, yenye milimita upande mmoja na AN upande wa pili, si pambo. Ndiyo daraja kati ya historia mbili.

Mpangilio wa kuchagua

Mafundisho ya miaka hiyo yote yameacha mfuatano wa maswali ambao gereji nzuri haiuruki. La kwanza ni mafuta gani yatapita: petroli, mchanganyiko wa ethanoli, au methanoli. Hilo huamua ngozi ya ndani. La pili ni presha, ambayo huamua daraja la mpira na kama klipu inatosha au fitingi inahitajika. La tatu ni joto na mahali, yaani umbali kutoka ekzosi, mawe ya chini, na iwapo mpira utazama ndani ya tangi. La nne ni kiasi. Namba 6 huhudumia injini nyingi za barabarani zilizoongezewa nguvu, na namba 8 huja pale nguvu au pombe inapodai mafuta mengi zaidi. Kuweka mpana kuliko haja huongeza gharama na uzito bila faida. La tano ni hesi za pampu, chujio na reli ya nozeli, zinazopimwa kwa kipimo cha hesi, si kwa kukadiria kwa macho.

Njia yenyewe ichorwe kabla ya kununua, ikiwa na kona chache na pana, maana mpira uliokunjwa kuliko kiwango chake hujiminya. Baada ya kufunga, pampu huwashwa injini ikiwa imezimwa, na kila muungio hupanguswa kwa kitambaa kikavu na kunuswa.

Swali la mwisho ni umri. Watengenezaji wengi huchapa tarehe ya kutengenezwa juu ya mpira, na mpira uliokaa rafuni miaka mingi umezeeka ingawa haujaguswa na petroli. Mifuko ya matangi ya mbio inayotambuliwa na FIA hupewa miaka 5, na huweza kuongezewa 2 baada ya kukaguliwa na mtengenezaji. Baada ya hapo hutolewa, hata ikionekana mizima. Mpira wa gari la barabarani hauna mkaguzi wa namna hiyo, na tarehe yake husomwa na mwenye gari au fundi wake.